Jinsi ya kuweka seva za uthibitishaji na za kumbukumbu za matumizi kwenye swichi ya Wi-Fi

Mtumiaji akitaka kuingia kwenye mtandao, swichi, yaani kifaa kinachosimamia Wi-Fi, huiuliza seva ya RADIUS, ambayo kazi yake ni kuhakiki watumiaji: huyu aingie, akataliwe, au aulizwe zaidi? Akishaingia, kazi ya pili huanza, nayo ni kuandika aliingia saa ngapi, alitoka saa ngapi na alipitisha data kiasi gani. Kazi hizi mbili zina poti (namba za mlango kwenye seva) tofauti, na kwenye swichi hujazwa mahali tofauti. Wengi hujaza ya kwanza, wakaona watu wanaingia, wakaishia hapo. Siku ukiulizwa nani alikuwa na anwani fulani saa nane usiku, huna cha kuonyesha. Jaza zote mbili siku hiyo hiyo.

Anza na seva, si swichi. Isajili swichi kwenye orodha ya wateja wa RADIUS kwa anwani yake ya IP. Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu seva ikipokea ombi kutoka anwani isiyoijua haikatai, hunyamaza. Wewe unaona swichi inasubiri tu, unadhani mtandao umekatika. Swichi yenye VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya kifaa kimoja) kadhaa huwa na anwani kadhaa pia, na unayotumia kuingia kwenye mipangilio yake huenda siyo inayotumia kutuma maombi. Chagua moja, iamuru swichi itume kupitia hiyo, kisha sajili hiyo hiyo.

Hatua ya pili ni siri ya pamoja, nywila ambayo swichi na seva zote mbili huijua. RFC 2865, waraka wa kiwango cha RADIUS wa mwaka 2000, inapendekeza angalau herufi 16. Mimi huweka 32 zilizotengenezwa na programu, na kila swichi huwa na yake. Nakili na ubandike, usiandike kwa mkono. Nafasi moja tupu mwishoni inatosha kuharibu kila kitu, na hapo pia seva hutupa maombi ya EAP (mfumo wa kuthibitisha watumiaji wa Wi-Fi) bila kusema neno.

Sasa ingia kwenye swichi. Kwa uthibitishaji weka anwani ya seva, poti 1812 ya UDP na siri. Kwa kumbukumbu za matumizi weka anwani, poti 1813 na siri. Vifaa vya zamani hutumia 1645 na 1646, kwa hiyo hakikisha pande zote mbili zinakubaliana, na ngome ya mtandao (firewall) inaruhusu poti zote mbili. Ongeza seva ya akiba. Muda wa kusubiri sekunde 3 na majaribio 2 unatosha. Ukiuweka mrefu, simu ya mtumiaji itakata tamaa kabla swichi haijahamia seva ya pili.

Kisha unganisha seva hizo na SSID (jina la mtandao wa Wi-Fi) husika, ukichagua usalama wa WPA2 au WPA3 ya aina ya 802.1X, yaani ile inayouliza seva ya RADIUS.

Kwenye kumbukumbu, washa taarifa za katikati ya kipindi, zinazotumwa mtumiaji akiwa bado ameunganishwa. Bila hizo, umeme ukikatika kwenye swichi, kipindi kitabaki na mwanzo usio na mwisho. Dakika 10 ni kiwango kizuri. Chini ya hapo unaitwisha seva mzigo bure. Saa za swichi na seva zote zichukue muda kwa NTP (huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao), maana kumbukumbu yenye saa isiyo sahihi haimtetei mtu wala kumtia hatiani kwa haki.

Jambo moja usiliruke. Mwaka 2024 watafiti walitangaza shambulio la Blast-RADIUS, linalomwezesha mtu aliye kati ya swichi na seva kugeuza jibu la kukataa kuwa la kukubali. Maombi ya EAP yana kinga tayari. Yanayothibitisha kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) yanaweza kukosa. Sasisha programu pande zote, kisha lazimisha sifa ya Message-Authenticator, muhuri unaoonyesha ujumbe haujabadilishwa.

Jaribu kwa nywila ya uongo kwanza. Logi ya seva ikionyesha imekataa, njia na siri viko sawa. Isipoonyesha chochote, tazama ngome, anwani na siri. Baadaye ingia kwa nywila sahihi, tumia dakika chache, toka, utafute rekodi ya mwanzo na ya mwisho. Mwishowe zima seva ya kwanza makusudi, ukiwa na simu mkononi, uhesabu sekunde hadi ya akiba ijibu.