Somo: Kuchapa Picha ya Uso Wako kwa Ubao na Kuipaka Rangi kwa Mkono

Mwaka 1919 Erich Heckel, mmoja wa waekspreshonisti wa Ujerumani (wasanii waliotanguliza hisia kuliko kuiga wanachokiona) walioanzisha kikundi cha Die Brücke, yaani Daraja, mjini Dresden mwaka 1905, alichapa kwa ubao picha ya uso wake mwenyewe, Männerbildnis (Picha ya Mwanamume). Alikuwa ametoka Flanders, nchini Ubelgiji, alikohudumia majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Uso ni mrefu, macho yanatazama pembeni, na ngozi imekolea kijani. Kwangu mimi kijani hicho ndicho kinachobeba uchovu wote wa picha, na ndicho ninachotaka tujifunze: rangi isiyoiga ngozi.

Heckel alichapa rangi zake. Sisi tutachapa weusi peke yake, kisha tutapaka rangi ya maji juu ya karatasi, kama mchoraji wa Norway Edvard Munch alivyozipaka kwa mkono baadhi ya nakala za Madonna, litografia yake (picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe) ya mwaka 1895.

Hatua ya 1. Keti mbele ya kioo na ujichore moja kwa moja juu ya ubao kwa brashi nene. Kioo hugeuza kulia kuwa kushoto na uchapaji hugeuza tena, hivyo picha itatoka jinsi watu wanavyokuona.

Hatua ya 2. Chonga sehemu zitakazobaki nyeupe. Patasi iende mbali na mkono ulioshika ubao. Usilainishe mikato: alama za patasi kwenye shavu zina nguvu kuliko kivuli kilichopangwa vizuri.

Hatua ya 3. Sambaza wino mweusi wa mafuta kwenye kipande cha kioo kwa rola, upake ubao kwa tabaka nyembamba, laza karatasi nene, kisha sugua mgongo wake kwa kijiko. Inua pembe moja utazame. Palipofifia, sugua tena.

Hatua ya 4. Acha wino ukauke kabisa, hata kama ni siku kadhaa. Gusisha karatasi nyeupe juu ya wino. Ikitoka safi, endelea.

Hatua ya 5. Hapa usiharakishe. Chagua rangi mbili au tatu na uanze na iliyo nyepesi. Brashi ikivuka mstari mweusi iache ivuke, kwa sababu mafuta hukataa maji na mstari hautachafuka. Ukijaza kila nafasi kwa uangalifu, uso utapoa. Acha karatasi tupu mahali fulani, hasa kwenye paji la uso au kando ya jicho, ili rangi iliyopo isikike.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, naweza kutumia wino wa maji?
Ndugu yangu, wino wa maji ulio wa kawaida utayeyuka mara brashi yenye maji itakapoupitia, na weusi utaingia katika rangi zote. Tafuta wa mafuta.

Karatasi yangu imejikunja baada ya kupakwa.
Inyunyizie maji kidogo kwa nyuma, iweke katikati ya karatasi safi za kunyonya unyevu na uigandamize chini ya vitabu vizito hadi ikauke.

Nakala zangu hazifanani. Nizipe namba?
Zipe. Andika kwa penseli chini ya picha namba ya nakala upande wa kushoto na sahihi kulia, na ongeza kwamba imepakwa rangi kwa mkono, ili mnunuzi ajue kuwa hakuna nyingine iliyo sawa kabisa na yake.