Kulinganisha darubini ya bunduki na mtutu kwa kutumia simu

Tangu nianze kuvaa miwani, kuchungulia mtutu kwa nyuma kumenishinda. Nikiinua shingo kidogo tu, shabaha inahama. Siku hizi simu ndiyo jicho langu.

Njia hii inafaa bunduki ambayo komeo lake linachomoka, ukaona mwanga kutoka chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, hadi mdomo wa mtutu. Kama yako haichunguliki kwa nyuma, tafuta njia nyingine. Kwenye mdomo wa mtutu hakuna wa kupeleka jicho wala simu.

Toa magazini, toa risasi, chomoa komeo, kisha tia kidole kwenye chemba uhakikishe ni tupu. Ilaze bunduki juu ya mifuko miwili ya mchanga, ielekee upande salama. Mita 25 mbele yake bandika karatasi nyeupe yenye duara jeusi la sentimita 10.

Programu yoyote ya kamera inayochora msalaba juu ya kioo inatosha, mradi ikuruhusu kufunga fokasi na kupunguza mwanga. Hilo la mwanga usilidharau: ndani ya mtutu ni giza, kwa hiyo kamera hujiongezea mwanga yenyewe, na karatasi yako inageuka weupe mtupu. Punguza mpaka duara lionekane.

Simu naigeuza kichwa chini kwenye kistendi chenye miguu inayopindika, ili lenzi ishuke karibu na kitako. Kwenye kioo utaona pete ndani ya pete: kubwa ni ya chemba, ndogo ni mdomo wa mtutu. Sogeza simu hadi ndogo ikae katikati kabisa ya kubwa. Zikipishana hata kidogo, unachokiona si mstari wa mtutu. Halafu isogeze bunduki polepole mpaka duara jeusi liingie katikati ya pete ndogo, na uziweke pete sawa tena. Hapa ndipo muda wangu mwingi huishia.

Sasa ondoa simu bila kuigusa bunduki, uchungulie darubini. Vifundo vyake vya kurekebishia vimeandikwa kwa ajili ya risasi, si kwa ajili ya msalaba wa darubini. Msalaba ukiwa kulia kwa duara, zungusha kuelekea kulia, nao utarudi kushoto. Ukiwa juu, zungusha kuelekea juu. Mara ya kwanza nilikwenda kinyume nikaanza kuilaumu darubini. Kliki (mlio mmoja wa kifundo) ya 0.1 mil, kipimo cha pembe, kwa mita 25 inahamisha milimita 2.5, kwa hiyo ukikosea kwa sentimita 6 ni kliki 24.

Rudisha simu uhakikishe bunduki haikutikisika. Kwangu mara nyingi hutikisika, naanza upya.

Baada ya hapo ni uwanjani. Piga tatu kwa mita 25, rekebisha, kisha nenda mita 100, ambako kila kliki ni sentimita nzima.