Kuonyesha mpindo wa nafasi-wakati kwa chupa, mawe mawili na mpira

Ukifundisha fizikia hapa Kisumu, wanafunzi watakuletea ile picha ya mtandaoni ya kueleza graviti (mvutano) kuwa ni mpindo wa nafasi-wakati, yaani nafasi na wakati vikichukuliwa kuwa kitu kimoja: shuka limevutwa likakaza, tufe zito limelala katikati, gololi zinalizunguka. Mimi siitumii. Gololi zinateremka pale kwa sababu dunia inazivuta kutoka chini, kwa hiyo tunaeleza graviti kwa graviti. Fanya hivi badala yake.

Hatua ya 1: Chupa

Toboa chupa ya plastiki ubavuni, karibu na kitako, kwa msumari wa moto. Ziba tundu kwa kidole, jaza maji, usifunge kifuniko. Panda juu ya dawati, ondoa kidole ili waone maji yakichuruzika, kisha iachilie chupa. Ikiwa hewani, maji hukatika. Rekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole, maana wengi hawaamini mara ya kwanza (na tambara la kupigia deki liwe karibu).

Chupa na maji vinaanguka pamoja, hivyo hakuna kinachosukuma maji nje. Kwa anayeanguka navyo, graviti imetoweka. Einstein alilipata wazo hili mwaka wa 1907, miaka 8 kabla ya kukamilisha nadharia ya jumla ya uhusianifu, ile inayoeleza graviti kuwa ni mpindo huo.

Hatua ya 2: Mawe

Sasa waulize: imetoweka yote? Hapa usiharakishe. Chukulia mawe mawili yaliyotengana mita 10, yanaachiliwa pamoja kutoka urefu wa mita 20. Kila moja linaelekea kitovu cha dunia, kwa hiyo yakifika chini yamesogeleana kidogo. Hutaipima shuleni; ipige hesabu ubaoni: 10 × 20 ÷ 6,370,000, yaani takriban milimita 0.03.

Ukianguka katikati ya mawe hayo huhisi uzito wowote, lakini unayaona yakikaribiana na hakuna anayeyasukuma. Uzito uliweza kuuondoa kwa kuanguka tu. Kusogeleana huku huwezi. Huo ndio mpindo.

Hatua ya 3: Mpira

Chora ikweta kwenye mpira. Maseno iko juu ya ikweta, na Mogotio, kaskazini mwa Nakuru, vilevile. Kati yao ni kama kilomita 150. Mmoja aanzie Maseno, mwingine Mogotio, wote waelekee kaskazini moja kwa moja. Wanaanza sambamba. Kwenye latitudo 60 wametengana kilomita 75, na kwenye Ncha ya Kaskazini wanakutana, ingawa hakuna aliyekata kona.

Hatua ya 4: Grafu

Weka umbali wa kati ya mawe kwenye mhimili wa mlalo, wakati kwenye wima, kisha chora njia za mawe yale. Mistari inaanza sambamba, halafu inakaribiana, kama ya wasafiri wetu. Wao walikwenda kaskazini. Mawe yanakwenda mbele katika wakati. Kwa hiyo kinachopinda si nafasi peke yake. Wakati wenyewe hauendi sawa kila mahali: Nakuru iko juu kuliko Kisumu kwa takriban mita 700, na saa ya atomiki ikiwekwa kule itaitangulia ya huku kwa mikrosekunde 2 na kitu kila mwaka.

Atakayenung'unika kwamba milimita 0.03 si kitu, mpeleke Mombasa. Mwezi huvuta maji ya upande wake zaidi kuliko unavyovuta kitovu cha dunia, na ya upande wa pili huyavuta kwa nguvu ndogo kuliko vyote. Ni tofauti ya aina ileile ya mawe, na wakati wa bamvua (maji makuu) bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Hapa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, usijisumbue kungoja maji yapande. Ziwa letu ni dogo mno.