Kutoka Fort Jesus hadi Mama Ngina kwa miguu, na usikae umeligeuzia jua mgongo

Siku moja nilimpeleka mgeni wangu wa bara kuona jua likizama Laithausi, pale penye mnara wa taa hapa Mombasa, tukakaa ukutani uso baharini na mihogo yetu mkononi, tukangoja weee mpaka giza likaingia akaniuliza sasa jua liko wapi? Lishazama zamani, nyuma yetu. Na mie mzaliwa wa hapa hapa! Bahari yetu iko mashariki jamani, jua latoka huko asubuhi, jioni laenda bara. Kwa hivyo njia hii twalifuata jua.

1. Angalia mwezi kwanza. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na Mombasa bamvua maji hujaa saa kumi saa kumi na moja jioni, hapo utapata mawimbi ya kishindo hasa kusi, upepo wa kusini, ikivuma. Ukitaka kuona kaa wa baharini na ndege yangeyange kwenye mwamba nenda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, jioni maji yako chini chini.

2. Anza Fort Jesus saa kumi. Ngome ilianza kujengwa na Wareno 1593, kuingia ndani ni siku nyingine, leo pita tu. Upande wa Ikulu simu iwe mfukoni, usipige picha kabisa.

3. Ras Serani, hapa usiharakishe. Jabali unalolikanyaga ni matumbawe ya kale, zaidi ya miaka laki moja, yalikuwa chini ya maji. Mawimbi yamelila kwa chini mpaka juu kumebaki kama kibaraza, ndio maana nakwambia usisimame ukingoni kwa ajili ya selfi, hujui chini pamebaki nini. Vaa raba, mwamba ule wakata kama wembe. Kuna magofu ya ngome ndogo ya Wareno pia, wengi hupita hata hawayaoni. Mwewe wazunguka juu, na kunguru, aah kunguru wale ni wezi, funika mihogo yako.

4. Fuata barabara ya Mama Ngina chini ya mibuyu kuelekea Feri, kivuko cha Likoni, sasa jua liko mbele yako. Kaa kabla ya saa kumi na mbili na dakika kumi, jua huzama kati ya hapo na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano kulingana na mwezi wa mwaka. Disemba ndio tamu, jua lashukia upande wa Likoni, ila Juni lasogea kaskazini lajificha nyuma ya majumba ya mjini. Bahati ikiwa yako meli kubwa itapita karibu mpaka waona mabaharia, manake mlango ule wa kuingilia bandarini ni wa kina, Kilindini jina lenyewe lasema. Likishazama giza laja haraka, tafuta tuktuk.

MASWALI

Mama Twins: Dada, watoto wa miaka minne wataweza?
Jibu: Njia yote hapana mamangu, watachoka. Waanzishe Mama Ngina kwenyewe, madafu na achari ziko, na mkono usiwaachie karibu na ukuta.

Kijana wa Kisauni: twaweza kushuka chini tuogelee?
Jibu: Usijaribu kaka. Mkondo wa pale wavuta, na meli zapita. Kuogelea nenda ufuo wa Pirates.

Mgeni Njiani: Nasikia kuna nyangumi, wataonekana?
Jibu: Hupita pwani yetu kama Julai mpaka Septemba lakini mie kutoka pale sijamuona hata mmoja, nisikudanganye. Panda boti Watamu.

Abu Salma: Je asubuhi?
Jibu: Geuza njia, anzia Feri baada ya swala ya alfajiri uende Laithausi. Hapo kaa uso baharini, nimekuruhusu.