Kofia ya kuchomelea inayojitia giza: kuiweka sawa kwenye jua la Malindi

Kofia hizi nyingi huvaliwa vilevile zilivyotoka dukani, bila kitufe hata kimoja kuguswa, kisha hulaumiwa kuwa ni mbovu: mara inaingia giza kabla rodi haijagusa chuma, mara inakataa kabisa. Mara nyingi haina kosa. Fundi wa Malindi huchomelea mageti na grili nje, juani au chini ya makuti, na mwanga huo ndio unaoichanganya.

Nyuma ya plastiki ya mbele kuna kioo chenye fuwele za kimiminika, na pembeni yake sensa mbili au nne. Sensa zikiona moto wa rodi, kioo hutoka namba ya giza 3 au 4 na kuingia giza ulilochagua, kwa kawaida kati ya 9 na 13. Kofia nyingi huandikwa kwamba hufanya hivyo kwa sekunde 1/25,000. Kichujio cha miali ya urujuanimno na infraredi ni kitu kingine kabisa: kimo ndani ya kioo wakati wote, hata betri ikiwa imekufa. Ndiyo maana alama za ubora ni muhimu kuliko rangi na michoro ya kofia. Tafuta juu ya kioo maandishi ya mfano wa 4/9-13 yakifuatwa na 1/1/1/2/379. Tarakimu hizo nne zinapima usafi wa kuona, 1 ikiwa bora na 3 ikiwa duni, na 379 ni kiwango cha Ulaya. Nyingine zina Z87 ya Marekani. Kioo kisicho na alama yoyote kiache dukani hata kikiwa nusu bei, kwa sababu kuingia giza peke yake hakuthibitishi kwamba miali isiyoonekana inazuiwa.

Kofia mpya ikikuonyesha ukungu, angalia kama umebandua karatasi laini ya plastiki iliyofunika vioo vya kinga, nje na ndani. Wengi huisahau, hasa ile ya ndani.

Ivae kwanza bila mashine. Mkanda ukae juu kidogo ya nyusi, kaza kitufe cha kisogoni mpaka kofia isitikisike unapoinama, lakini isikubane. Mashimo ya pembeni yanayosogeza kioo mbele na nyuma yawe sawa pande zote mbili, la sivyo utaona chuma kimepinda na shingo itauma kabla ya adhuhuri.

Namba ya giza hufuata ampea. Rodi ya geji 12, yaani milimita 2.5, ukiichoma kwa ampea 70 hadi 90, inataka 10 au 11. Geji 10, ya milimita 3.2, kwenye ampea 100 hadi 130, weka 11. Ukivuka 175 nenda 12. Anza na namba ya juu, kisha shuka moja moja mpaka uone wazi dimbwi la chuma kilichoyeyuka na kingo zake, na uishie hapo. Ukivua kofia ukaona madoa ya rangi yakielea machoni, umeshuka kupita kiasi. Ikiwa namba ni sahihi na bado huoni vizuri, usipunguze giza. Badilisha plastiki ya mbele. Ikishajaa mikwaruzo na matone ya chuma haina msaada tena, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kioo chenyewe.

Sasa kitufe kilichoandikwa SENSITIVITY, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, ambacho ndicho hasa kinachotupa taabu Pwani. Simama mahali utakapochomelea, uelekee kazi yenyewe, ukizungushe hadi mwisho wa juu. Kwenye mwanga mkali kioo kitaingia giza chenyewe. Rudisha kitufe taratibu mpaka kioo kiwe cheupe, kisha uache hapohapo. Ukihama kutoka kivulini kwenda juani, rudia. Ukuta uliopakwa chokaa na mchanga mweupe hurudisha mwanga karibu kama jua lenyewe, kwa hiyo usishangae kofia ikicheza hata ukiwa umelipa jua mgongo. Tena jua la mgongoni lina ubaya wake: huingia kwa nyuma, likagonga kioo kwa ndani, ukawa unatazama kidevu chako badala ya kazi. Kaa jua likiwa ubavuni, au shusha kitambaa kizito cha pamba kutoka kisogoni. Nailoni usitumie, cheche moja tu na inashika shingo. Kwa TIG (kuchomelea kwa ncha ya tungsteni na gesi ya kukinga) ya ampea chache fanya kinyume: pandisha, maana moto wake ni mdogo na sensa huweza kuukosa.

DELAY ni muda wa kioo kubaki giza baada ya moto kuzimika, kwa kawaida sekunde 0.1 hadi 1. Kushika vipande kwa nukta fupifupi, weka mfupi. Chuma kinene cha ampea nyingi, weka mrefu, kwa sababu dimbwi hubaki jekundu.

Kofia ikikupiga mwanga katikati ya kazi, kabla ya kuilaumu tazama kama mkono wako, bomba au nondo imesimama kati ya moto na sensa. Hilo hutokea sana ndani ya kona za grili, na zaidi kwa kofia ya sensa mbili. Geuza kichwa, au badilisha upande wa kuchomelea. Kisha hakikisha swichi haiko GRIND. Hapo kioo hubaki namba 4 hata moto ukiwaka. Ni kwa ajili ya grainda tu. Betri, mara nyingi CR2032 au CR2450, ikichoka giza huchelewa au kuwayawaya. Chumvi ya bahari hushika vishikio vyake, hivyo vifute kwa kitambaa kikavu.

Usiiache juu ya bati saa saba mchana. Nyingi zimeundwa kufanya kazi hadi nyuzi 55, na fuwele zikipata joto kupita hapo kioo huweza kuwa na mabaka. Isafishe kwa kitambaa laini chenye maji kidogo ya sabuni, bila petroli wala thina, na usiichovye.

Kabla ya kazi ya kila siku ielekeze juani huku SENSITIVITY ikiwa juu kabisa: isipoingia giza, usiwashe mashine. Unapogonga gamba linalobaki juu ya mshono kofia ikiwa imeinuliwa, vaa miwani ya kinga. Kwa kuchomelea kwa gesi ya asetilini, kofia hii siyo yake.

Macho yaliyopigwa na moto huanza kuwasha usiku, saa 6 hadi 12 baadaye, kana kwamba yana mchanga. Usitie maziwa wala viazi, nenda hospitali. Na anayeumia hivyo mara nyingi si mchomeleaji. Ni kijana anayemshikia geti huku amegeuza uso tu, au watoto waliosimama barabarani kutazama. Kijana apewe kofia yake, na upande wa barabara utundike turubai kabla ya rodi ya kwanza.