Kishikio cha Sufuria Kutokana na Mabaki ya Vitenge

Ukipita alasiri kwenye baraza za maduka ya katikati ya mji wa Moshi, mahali mafundi wanapopanga vyerehani vyao, utaona miguuni pa kila fundi rundo la vipande vya vitenge ambavyo jioni vitafagiliwa na kuchomwa moto. Vipande hivyo ni mali. Ukiviomba kwa adabu, mara nyingi fundi atakujazia mfuko, nawe utaweza kushona vifaa kadhaa vya nyumbani. Mimi humshauri anayeanza ashone kishikio cha sufuria, kwa kuwa hutumika kila siku na mishono yake yote ni ya moja kwa moja.

Kabla ya kuchagua rangi, jua kitambaa kimetengenezwa kwa nini. Niliwahi kushona kishikio kizuri kwa mabaki ya sare za shule, nikasahau kwamba kitambaa chake kilikuwa tetroni, na siku nilipoepua machalari kikayeyuka, kikanata ubavuni mwa sufuria na kuniachia lengelenge kwenye kidole gumba. Tangu hapo kila kipande nisichokijua hukipima kwa moto: huchomoa nyuzi chache, huzishika kwa kibano juu ya sahani ya bati yenye maji, kisha huziwasha. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini yanayosagika vidoleni, ilhali polista hujikunja, huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Vitenge navyo vipimwe, kwa sababu vingi vinavyouzwa siku hizi ni vya polista ingawa kwa macho vinafanana na vya pamba. Vile vya pamba vifue kabla ya kuvikata, ili virudi na kuchuja rangi sasa, si baada ya kushonwa.

Kata msingi wa mraba wa inchi 8 kutoka kwenye shuka kuukuu la pamba, na mraba mwingine kama huo wa kitenge kwa ajili ya upande wa nyuma. Vipande vidogo vikate viwe mikanda yenye upana wa inchi 2. Laza mkanda wa kwanza pembezoni mwa msingi, uso ukitazama juu, kisha weka wa pili juu yake, uso kwa uso, ushone robo inchi kutoka ukingoni, uufunue na kuupiga pasi kabla ya kuongeza wa tatu; anayeruka pasi hapa hupata kazi iliyovimba, na hakuna mshono wa baadaye utakaoinyoosha. Msingi ukishajaa, punguza ncha zilizozidi.

Katikati ya nyuso mbili weka matabaka mawili ya taulo kuukuu la pamba, wala usiweke sponji, kwani huyeyuka. Pitisha mishono michache inayokatizana ili matabaka yasihame, kisha zungushia utepe wa pamba wenye upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 38: ushone nusu inchi kutoka ukingoni, ukunje ncha yake kwa ndani, uugeuzie nyuma na kuushona tena. Inchi zipatazo 6 zitakazobaki kwenye kona zikunje ziwe kitanzi cha kutundikia. Kumbuka kwamba kishikio kilicholowa hupitisha joto upesi, hivyo kianikwe kikauke kabla ya kutumika tena.

Mabaki ya polista yanafaa kwa vibanio vya nywele: mkanda wa inchi 4 kwa 18 hushonwa kama mrija, hugeuzwa, hupitishiwa lastiki ya inchi 7 kwa pini, kisha ncha huungwa. Yale yasiyofikia hata upana wa kidole yakate madogo zaidi na kuyashindilia ndani ya kimfuko cha inchi 4 mpaka kiwe kigumu, kisha ukizibe kwa mkono. Hicho ndicho kimto cha kuchomekea sindano na pini zako.