Kuchangia watoto wa Palestina ukiwa hapa Kisumu

Kwanza usitume pesa kwa namba ya mtu umeipata kwa grupu ya WhatsApp, hata kama picha ya mtoto imekutoa machozi, matapeli nao wanajua kulia. Chagua shirika linalojulikana: UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, iko tangu 1949, inawasomesha na kuwatibu huko Gaza, Ukingo wa Magharibi, Jordan, Lebanon na Syria, ama UNICEF, lile la Umoja wa Mataifa la watoto, kama unataka pesa iende kwa mambo ya watoto. Ingia tovuti yao mwenyewe, usibonyeze linki umetumiwa. Huna kadi ya benki? M-Pesa GlobalPay inakupa kadi ya Visa ya kwa simu, unalipa nayo, ila angalia reti ya dola kwanza, kwa sababu hapo ndio wengi wanashtuka.

Mkichanga kama chama, sema wale mama wa soko la Kibuye, wekeni mweka hazina wawili, kila mia iandikwe, na risiti ya shirika iwekwe kwa grupu siku hiyo hiyo. Kuzungusha kikapu barabarani ni maneno ingine, hiyo tafuteni kibali kwanza.